Miezi saba naomba kuvuka jaribu moja na sijavuka. Wakuu, nakosea wapi?

Mtafuta Pumziko
Wakuu, salaam. Huwa nasoma tu humu bila kuandika, leo nimeshindwa kunyamaza.

Kuna dhambi moja imenishika. Si ya kuua wala ya kuiba, na anayeumia zaidi ni mimi mwenyewe. Nimeiombea miezi saba. Naamka saa 9 usiku, napiga magoti, nalia kweli kweli, namwambia Bwana niondolee kiu hii. Sasa niko siku ya 12 ya mfungo wa siku 21. Nikitoka kwenye maombi napata amani saa moja au mbili, halafu naona mkono wenyewe unatafuta simu.

Swali langu ni moja: kuna namna ya kuomba ambayo mimi siijui? Nikeshe zaidi? Nifunge hata maji? Wenye uzoefu nisaidieni. Matusi sitaki, nimechoka.

Mlinzi wa Zamu
Pole sana mkuu. Ungesema kwanza unafunga vipi. Mfungo wa kushinda njaa mchana halafu jioni unafidia, huo mwili hauusikii. Anza na siku tatu kavu, ukiwa na mtu wa kukusimamia. Yesu alifunga siku 40 ndipo akamshinda mjaribu. Mengine ni roho tu, inabidi ikemewe kwa jina.

Fundi Mstaafu
Mlinzi, soma tena Mathayo 4. Mjaribu alikuja siku 40 zilipokwisha, Bwana akiwa na njaa. Mfungo haukumzuia asije. Na huyu kijana asifunge maji, atazimia bure.

Jicho Kavu
Mkono unatafuta simu usiku? Tumeshaelewa, ni picha za uchi. Simu ilale sebuleni, uzi ufungwe 😂

Mama Wawili
Jicho Kavu acha utani, mtu analia hapa. Kaka yangu, mimi mume wangu alikuwa na tatizo hilo hilo la simu. Nilimwombea miaka miwili bila yeye kujua. Siku niliyochoka nikamwambia naona kila kitu, alikaa kitandani akashika kichwa, akasema afadhali umejua. Kumbe na yeye miaka yote hiyo alikuwa anaomba agunduliwe. Ongea na mkeo.

Shina la Mbuyu
Yangu ilikuwa pombe. Niliomba Mungu aniondolee hamu, na nawaambia ukweli, hamu hakuiondoa. Miaka sita sijagusa na bado harufu ikipita nageuza shingo. Kilichobadilika ni kwamba nimeacha kupita ile njia. Kabla ya hapo nilikuwa naomba asubuhi, jioni napita mlangoni pale pale, halafu namuuliza Mungu mbona nimeanguka tena. Yusufu hakubaki chumbani kwa mke wa Potifa akiomba nguvu. Aliacha vazi mkononi mwake akakimbia.

Bin Haruni
Assalaam alaykum. Hata kwetu Yusuf aliomba jela kuliko kile alichoitiwa, yaani aliomba kuwekwa mbali nacho. Lakini ndugu mleta mada, hujataja dhambi yenyewe. Mwenye hasira na mwenye zinaa hawapewi dawa moja. Ni nini hasa?

Mtafuta Pumziko
Asanteni. Mama Wawili, si hilo la picha. Ni kubeti.

Nilianza mwishoni mwa wiki tu, hela kidogo, kujifurahisha. Kilichonimaliza ni mkeka mmoja, yaani beti moja yenye timu tisa. Nane zilitiki, ya tisa ikaruhusu goli dakika za nyongeza. Tangu siku ile nikifumba macho kuomba naliona lile goli. Naona hadi kipa anavyochelewa kuruka. Siku ya kwanza ya mfungo nilijifungia akaunti na kufuta programu kwenye simu yangu. Juzi usiku, nimetoka kwenye maombi, nikabeti tena.

Kwa hiyo si kwamba sifanyi juhudi. Nafanya. Ndiyo maana nauliza kuhusu maombi.

Shina la Mbuyu
Mkuu, huo mkeka wa nane kwa tisa ndio ndoano yenyewe. Umepoteza sawasawa na aliyekosa zote tisa, lakini akili imeuandika kama ushindi uliocheleweshwa. Halafu unaanza kufukuzia hasara. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kamari ya namna hii kuwa maradhi, kwa hiyo usijione pepo tu. Kuna vikundi vya Gamblers Anonymous, vya wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, vilianzia Los Angeles mwaka 1957, na moja ya mambo ya kwanza wanayokwambia ni kumkabidhi mtu mwingine hela zako. Wao pia wanaomba, lakini mikono yao haishiki hela.

Bin Haruni
Kwenye Qur'ani, sura ya Al-Maida aya ya 90 imeiweka kamari pamoja na ulevi, kwa hiyo umetaja jambo zito. Sasa nina swali jingine, uniwie radhi. Miezi saba ya kubeti, mtu wa mshahara, na nyumbani hawajashtuka. Hela inatoka wapi?

Mlinzi wa Zamu
Hilo la hela tuliache, ni mambo yake binafsi. Turudi kwenye mfungo.

Bin Haruni
Mlinzi, tumwache ajibu.

Mtafuta Pumziko
Sikutaka kufika huku.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha maombi. Tuna mfuko wa wagonjwa na misiba. Zaidi ya nusu haupo. Tafadhali msinielewe vibaya, sikuiba, nilikopa. Kila nilichochukua nimekiandika kwenye daftari, tarehe na kiasi. Mwizi haandiki.

Hesabu zinasomwa Jumamosi. Mshahara unaingia Ijumaa. Nimelipeleka mbele za Mungu na nimeshaamua: nibeti mara moja ya mwisho, kwa utulivu, timu chache za uhakika, nirudishe zote kabla ya kikao, halafu sigusi tena maisha yangu yote. Kusema ukweli mfungo huu nauombea vyote viwili: nishinde mara hiyo, na kiu iondoke. Mungu anajua moyo wangu. Nikisema sasa, wagonjwa hawatapata chochote na kikundi kitavunjika. Nikirudisha kimya kimya, nani ameumia?

Mama Wawili
Mungu wangu. Kaka, wameshaumia. Akiugua mtu leo usiku utampa nini? Daftari?

Bin Haruni
Wanazuoni wetu wanataja masharti ya toba: uiache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia. Na ikiwa ndani yake kuna haki ya mtu, basi umrudishie au akusamehe. Wewe umeanza na kujuta, ukaruka kuacha. Mshahara wa Ijumaa uende kwenye mfuko ulivyo, hata kama hautoshi, na uliobaki uombe muda kwa wenye hela. Kwa wenye hela, si kwa timu.

Fundi Mstaafu
Mwanangu, huu ndio mguu unaouma, ule mwingine ulikuwa unatuonyesha tu. Agostino, yule aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, anasimulia katika Maungamo kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa mwili, ila si sasa hivi. Na anaeleza kwa nini: alihofu Mungu angemsikia upesi mno na kumponya ugonjwa ambao yeye alitaka kwanza kuushibisha. Alibatizwa mwaka 387, ana miaka 32. Ile "mara ya mwisho" yako ni "si sasa hivi" ya Agostino. Umekuwa ukisali sala mbili zinazovutana, halafu unatuuliza mbona kamba haisogei.

Bwana alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, uende upatane naye kwanza. Sadaka yako ni huo mfungo. Uache, uende.

Jicho Kavu
Samahani wakuu, mimi nasema hii ni chai. Posti ya kwanza: "si ya kuiba", dhambi inamuumiza yeye. Sasa kuna mfuko wa misiba. Halafu amejifungia akaunti, amefuta programu, na juzi usiku amebeti. Kwa simu gani? Akaunti ipi? Na bahati nzuri hesabu ni Jumamosi, mshahara Ijumaa, kama mchezo wa redio. Kesho atakuja na namba ya kuchangiwa.

Mlinzi wa Zamu
Hata mimi nilishaanza kuona hivyo. Na mtu wa siku ya 12 ya mfungo haandiki aya ndefu hivi.

Mama Wawili
Na kama ni kweli je? Mbona mnamkimbia baada ya kumvua nguo?

Jicho Kavu
Ajibu tu. Simu gani?

Mtafuta Pumziko
Ya mke wangu.

Niliwahi kufungua akaunti nyingine kwa namba yake, yeye hajui. Simu yake inafunguka kwa kidole. Juzi nilisema amina, nikarudi kitandani, alikuwa amelala chali. Nikachukua mkono wake taratibu nikaweka kidole gumba kwenye kioo. Hakuamka sawasawa. Alidhani nimemshika mkono, akanibana vidole, akaendelea kulala. Nikabaki nimeshikwa hivyo hivyo, simu imefunguka mkono wa pili. Nikabeti kwa mkono mmoja. Nikajitumia kutoka kwenye mfuko, nikafuta meseji.

Namba ya kuchangiwa sina. Sitaki hela ya mtu.

Shina la Mbuyu
Dah.

Jicho Kavu
Siwezi kuthibitisha chochote humu na sitajifanya nimeamini yote. Lakini kama huo mkono upo, basi usianze na kikundi. Anza na mwenye mkono.

Fundi Mstaafu
Leo, kabla ya saa 9 yako ya usiku. Usimwambie "nina udhaifu fulani". Mpe daftari. Jumamosi nenda kikaoni mapema, umwone mwenyekiti kabla ya wengine, na uwakabidhi hazina. Laini yenye mfuko ibaki mezani kwao.

Mtafuta Pumziko
Nilisoma mara nyingi kabla ya kujibu.

Nimempa daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila mstari, hakusema neno. Mwishoni aliuliza kitu kimoja: juzi aliponishika mkono, ilikuwa ndoto? Nikamwambia hapana. Amebadilisha namba ya siri ya simu yake, amechukua na yangu kwanza, kanirudishia sasa hivi niwajibu. Amelala chumba cha watoto. Mwenyekiti nitamwona Jumamosi saa 1 asubuhi, mke kasema tutakwenda wote ila tusiongee njiani.

Ijumaa bado naiogopa. Kiu haijatoka, ipo hapa hapa ninapoandika.

Fundi, hujanijibu moja. Ulisema niuache mfungo. Bado siku tisa. Nile?

Fundi Mstaafu
Kula, mwanangu. Jumamosi utahitaji sauti.