Nilimpa fundi kamera ya babu atengeneze shata tu, kairudisha imepakwa rangi na ngozi nyekundu. Tabia hii ikome

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Kamera ni Rolleiflex Automat ya Kijerumani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ile yenye lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Marehemu babu alikuwa na studio Tanga, na chombo hicho ndicho kilichosomesha watoto wake. Kasoro yake ilikuwa moja: shata, ile sehemu inayofunguka na kufunga kuruhusu mwanga uingie, inanasa kwenye spidi za chini. Ukiweka sekunde moja inafunguka, halafu inagoma kufunga. Kwa kamera za umri ule huu ni ugonjwa wa kawaida kabisa, grisi imekauka kwenye vile vigurudumu vya kupimia muda. Fundi anafungua, anasafisha, anaweka mafuta kiduchu, anafunga. Nilimwambia kwa mdomo wangu: shata tu, kwingine usiguse.

Nilipoifuata, ngozi nyeusi ilikuwa imebanduliwa yote na kubandikwa plastiki nyekundu ya kushonea viti. Chuma kimepigwa msasa na rangi ya kupuliza. Lenzi imesuguliwa. Na mwenyewe anatabasamu: "Bosi, umeona ilivyotoka? Kama ya dukani." Bei nayo kapandisha, eti kazi imekuwa kubwa.

Imekuwa kubwa nani kamtuma?

Niwaeleze kilichopotea, maana najua wapo watakaodhani nalilia rangi. Kwenye nobu ya fokasi babu alikwaruza alama kwa sindano. Huo ndio ulikuwa umbali wake wa picha za pasipoti. Mteja anakaa kwenye stuli, babu anazungusha nobu hadi kwenye alama, anapiga, anaita mwingine. Foleni ya wanafunzi wanaotaka picha za fomu aliimaliza kwa alama ile. Haipo tena, imesagwa na msasa. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imelika pale kiganja chake kilipokaa miaka yote ya kazi. Nayo haipo. Vitu hivi hakuna duka linaloviuza, Ujerumani wala popote.

Lenzi ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu hapo hata huo "upya" wake ni uongo. Ni lenzi aina ya Tessar yenye herufi T nyekundu kwenye duara lake. T ile maana yake kioo kimepakwa utando wa kuzuia mwanga kurudi, ufundi ambao Alexander Smakula aliubuni kwenye kampuni ya lenzi ya Zeiss mwaka 1935. Unene wa utando ule ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Uso wa kioo usio na utando unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na Tessar ina nyuso 6 zinazokutana na hewa, kwa hiyo kila uso una kazi yake. Huyu bwana kachukua polishi na kitambaa akasugua uso wa mbele mpaka rangi ya zambarau ikaisha. T bado imeandikwa pale pale, ilichokuwa inakitaja hakipo. Nimepiga roli moja ya filamu kuelekea dirishani, picha zimepauka zote.

Msije mkaniambia ngozi lazima itoke. Najua. Kwenye Rolleiflex shata iko nyuma ya bamba la mbele, na skrubu za bamba hilo ziko chini ya ngozi, kwa hiyo ya mbele itainuliwa tu. Lakini inainuliwa taratibu kwa spiriti na kisu butu, kisha inarudishwa ile ile kwa gundi. Ya pembeni na ya mlango wa nyuma kwa kazi ya shata haiguswi kabisa.

Na yule atakayekuja na "kamera ni chombo, si pambo la kabatini", mimi niko upande wake. Ndiyo maana nilimpelekea fundi, sikuiweka kabatini. Kamera za Kijapani za miaka ya 1970 zina sponji ya kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma. Sponji ile inaoza na kunata, itupwe, iwekwe mpya, hakuna anayelilia pedi za breki. Pazia la shata likitoboka, libadilishwe. Fangasi ikiingia kwenye lenzi, itolewe mapema kabla haijala kioo. Kinachoizuia kamera kupiga picha kitengenezwe. Rangi iliyochubuka inazuia picha gani?

Kama mnataka hoja ya pesa, chukueni hii. Mwaka 2022 huko Wetzlar, Ujerumani, kamera ya Leica ya majaribio namba 105 iliyokuwa mali ya Oskar Barnack mwenyewe, aliyeibuni Leica, iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4. Rangi yake nyeusi imechubuka na shaba ya chini inaonekana. Hakuna aliyeipuliza rangi kwanza ili ipate mteja. Huku kwetu mtu anapiga msasa kamera ya miaka 70, anaibandika ngozi ya chatu ya bandia, anaiposti, na chini yake watu wamejaa "safi sana mkuu, imekuwa mpya". Sifa hizo ndizo zinazowafundisha mafundi vibaya. Acheni kuzimwaga.

Fundi, wewe unajijua, na najua humu unapita. Ngozi ya zamani kama bado iko kwenye pipa lako, nitaifuata mwenyewe hata kama imechanika. Na pesa uliyoongeza kwa kazi nisiyokuagiza, irudishe.

Wengine, naomba jina la fundi wa Dar, Tanga au Mombasa anayejua shata za aina ya Compur, kama ya Rolleiflex hii, na za Copal, na anayekubali kuandika kwenye risiti atakachogusa na atakachoacha. Studio ile ile ilikuwa na Yashica-Mat, kamera ya Kijapani ya lenzi mbili yenye shata ya Copal, nayo imeanza kunasa.