Mjomba anahitaji mashine ya oksijeni, familia inasema "alijitakia". Jumapili nisemeje?

MwekaHazina_Umoja

Habari zenu wote. Naomba ushauri kabla ya kikao cha Jumapili, na wa kutukana tafadhali wapite kando.

Upande wa mama tuna mfuko wa familia. Kila nyumba inatoa mchango wa mwezi na mimi ndiye natunza hesabu. Unalipa mazishi, karo ya yatima mmoja, na matibabu yakimzidi mtu nguvu. Katiba yetu ni karatasi mbili tu, na hakuna mahali inauliza ugonjwa umetoka wapi.

Sasa mjomba wetu, kitinda mimba kwa akina mama, mapafu yamemchoka. Ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi tangu ujana wake, na sigara amevuta miaka hiyo yote. Ametoka wodini, bili ilishalipwa, ila daktari ameandika apate mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani. Nikaleta ombi kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binamu yetu mmoja, ambaye husikizwa sana kwa sababu mchango wake ni mkubwa kuliko wa kila mtu, akajibu: "Nani alimshikia kiberiti? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Watu wakamwekea vidole gumba.

Kabla sijaandika kitu, kijana wa nyumba nyingine akauliza mbona mwaka jana tulilipia mguu wa mama mkubwa, kwani chapati alilishwa na nani? Mama mkubwa ana kisukari na ni mnene, amekuwa mnene tangu nimjue. Alisoma, akatoka kwenye kundi. Tangu hapo hashiki simu. Binti yake ananiambia hata kliniki ya kidonda hataki tena, maana huko nako kuna nesi anayemsema mbele ya foleni kila akipanda mizani.

Na mjomba mwenyewe nilipompigia alisema, "Waache. Nilijitakia."

Hapo ndipo nimekwama. Kama mgonjwa anakubaliana na wanaomkataa, mimi nasimama nikitetea nini?

Kalamu_ya_Kayole

Mchuma janga hula na wa kwao. Msomee binamu hiyo.

MzeeWaBuru

Hiyo inaonya, bwana, haiidhinishi pesa. Methali hazijawahi kumaliza kikao chochote ninachokijua, kila upande huja na zake.

NiliachaNikanona

Mimi nitasema yasiyopendwa. Nilivuta, nikaacha, na sikuwa na daktari wala dawa. Kwa hivyo nikisikia "ni uraibu, maskini hana la kufanya" huwa nakasirika kidogo. La kufanya lipo. Ukimwondolea mtu lawama yote umemwondolea pia imani kwamba anaweza kuacha, na mjomba wako anahitaji kuacha hata leo.

Lakini ngoja nikupe upande wa pili. Nilipoacha nilinona. Ni jambo la kawaida, kwa wastani anayeacha huongeza kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini hukata hamu ya kula na huufanya mwili uchome nishati zaidi. Basi wale wale waliokuwa wakiziba pua nikipita wakaanza kuniita Bonge. Kuna konda alitaka nilipie viti viwili, na nusu ya matatu ikacheka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia "hongera, umeacha sigara." Ndipo nikajua hawa watu hawakuwa na shida na mapafu yangu hata kidogo. Walitaka tu mtu wa kumsema, na nilikuwa nimewabadilishia sababu.

MwekaHazina_Umoja

@NiliachaNikanona umenichekesha na kuniumiza. Binamu huyo mwenyewe, nisiseme mengi, ana presha na kitambi, na kila Ijumaa yuko Kenyatta Market kwenye nyama choma.

MzeeWaBuru

Usilitaje Jumapili hata ukitamani vipi. Ukilitaja, kikao kitakuwa cha kitambi chake na mashine itasahaulika. Ila ni kweli, mwanaume akiota kitambi tunamwita mheshimiwa na kumpisha kiti. Mwanamke akiwa na mwili huohuo kila mtu anajifanya daktari wake.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Pole sana dada. Mimi ni nesi, nafanya kazi wodi ya kifua hapa Nairobi, si hospitali aliyolazwa mjomba wako. Nina mambo kadhaa.

Kwanza, mna uhakika gani kwamba ni sigara peke yake? Sikatai, sigara huenda ndiyo kubwa. Lakini fundi aliyevuta moshi wa kuchomelea miaka yote hiyo, labda kwenye kibanda kisicho na madirisha, na nyumbani wakapikia mkaa, mapafu yake yamekula vitu vingi. Tunalaza akina mama wenye ugonjwa huohuo ambao hawajawahi kugusa sigara, ni moshi wa kuni na jiko. Binamu yenu hawezi kumgawia kila moshi asilimia yake. Hata daktari hawezi.

Pili, na hili ni la usalama. Oksijeni na moto havikai pamoja. Mtu akiwasha sigara akiwa na mrija puani anaweza kuungua uso, na nyumba ikawaka. Kwa hiyo mjomba ni lazima aache, na hapo hampangi adhabu wala hammpimi kama anastahili. Ndivyo mashine inavyotumika, kwa wote. Mwambieni hivyo hivyo, bila mahubiri. Akitaka msaada, bandiko na chingamu za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo.

Tatu, mama mkubwa ndiye ananitia wasiwasi zaidi ya mjomba. Mtu wa kisukari mwenye kidonda cha mguu akiacha kliniki, tunakuja kumwona mguu umefika mahali pa kukatwa. Nimeona hilo mara nyingi mno. Mpeleke kliniki nyingine wiki hii, usingoje familia ipatane.

Kimya_Eastlands

Mimi ni mwanamke na navuta. Sijawahi kumwambia daktari yeyote. Nikiulizwa "unavuta?" jibu langu ni hapana, kwa sababu mwaka mmoja nilisema ndiyo na yule aliyekuwa akiandika akaniangalia kama niliyekuja na mume wa mtu. Utafiti mkubwa wa serikali wa 2014 ulikuta wanaovuta sigara kati ya wanaume ni karibu 15 kwa 100, na wanawake hata 1 kwa 100 hawafiki. Huwa nacheka nikiiona hiyo namba. Wengine wetu tulijibu mlangoni, mama mkwe akiwa sebuleni.

Kwa hivyo huyo mjomba akisema "nilijitakia" usidhani ametoa hukumu baada ya kufikiri. Ni sentensi ya kufunga mazungumzo. Nami huitumia.

MlipaMchango

Mnalia sana, hamhesabu. Nimewahi kuwa mweka hazina. Kesho mtoto wa mtu ataumwa saratani na mfuko umekauka kwa sababu ya mtu aliyekuwa akinunua fegi kila siku. Pesa aliyochoma ingenunua hiyo mashine mara ngapi? Si chuki, ni hesabu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

@MlipaMchango hesabu naikubali, hatia ndiyo siikubali. Uliza pesa hii itafanya nini mwilini mwa mgonjwa, kuna nani mwingine kwenye foleni, na mfuko una kiasi gani. Hayo ni maswali ya mweka hazina. Swali la nani alianza kujiharibu ukiliruhusu, utaliuliza na kwa aliyegongwa na boda akivuka Jogoo Road chini ya daraja, na kwa msichana aliyejifungua kabla ya ndoa. Halafu uone nani atabaki wa kutibiwa.

MlipaMchango

Wa boda sikumtaja mimi. Lakini sawa, hoja ya foleni naipokea.

Mwanasheria_Mdogo

Mjomba alianza kuvuta lini?

MwekaHazina_Umoja

Mama anasema miaka ya themanini mwanzoni, akiwa kijana wa kwanza kuja mjini.

Mwanasheria_Mdogo

Basi mwambie binamu hivi. Utafiti wa Doll na Hill kule Uingereza uliounganisha sigara na saratani ya mapafu ulitoka 1950. Wenye viwanda walijua. Mjomba wako alipofika Nairobi, karibu miaka 30 baadaye, sigara bado ilikuwa ikitangazwa kama alama ya mwanaume aliyefanikiwa. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku iliyopiga marufuku matangazo hayo ni ya 2007. Na kanuni zilizofuata za 2014, kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa 2019. Sheria hiyohiyo inakataza kuuza sigara moja moja. Sasa shuka hapo chini kwenu Umoja uangalie duka la kwanza: fegi za rejareja, na kiberiti kimefungwa kamba dirishani ili mteja asihangaike. Binamu aliuliza nani alimshikia kiberiti. Anaweza kwenda kumwona.

Sisemi mjomba hakuwa na mkono wake. Alikuwa nao. Nasema mikono ilikuwa mingi, na ni mmoja tu unaotakiwa kulipa.

Mwalimu_Baiolojia

Nizungumzie mama mkubwa, naona tumemsahau tena. Mwaka 1990 Stunkard na wenzake walichapisha utafiti wa mapacha, wakiwemo waliolelewa nyumba tofauti. Uzito wao ulifuatana sana hata kama hawakula sufuria moja. Mwaka 1994 ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kuuarifu ubongo akiba imefika wapi. Ukijinyima, leptini inashuka na ubongo unadai chakula kwa nguvu, ndiyo maana wengi hupungua kisha wakarudi palepale.

Hii haisemi chapati haina neno. Damu yetu haijabadilika kwa kizazi kimoja, mji ndio umebadilika. Chipo na soda viko kila kona kwa bei ya mkononi, tunda ni ghali, na mtu anakaa saa mbili kwenye matatu asubuhi na mbili jioni, anafika nyumba ya kupanga ambayo hata ua wa kutembea hauna. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2014 theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Wote hao hawakuamka siku moja wakapoteza adabu.

Kalamu_ya_Kayole

Mwalimu, na yule nesi wa mizani?

Mwalimu_Baiolojia

Kama kumsema mtu kungempunguza, mama mkubwa angekuwa mwembamba kuliko sisi sote. Amesemwa tangu shule ya msingi.

MzeeWaBuru

Dada, turudi Jumapili. Mimi ni mtu mzima, nimeendesha vikao vya ukoo. Usisimame kumtetea mjomba tabia, utashindwa, kwa sababu yeye mwenyewe ameshakiri. Leta pendekezo kwa karatasi: mashine inanunuliwa na mfuko, inabaki mali ya mfuko, mjomba anaazimwa. Siku asipoihitaji inarudi kwako, na yeyote mwenye kifua ataitumia, awe alivuta au hakuvuta. Watoto wake wachukue gharama ya stima. Hapo binamu hapigi kura juu ya sigara, anapiga kura juu ya kifaa ambacho huenda mama yake atakihitaji.

Na yule kijana wa chapati asiombe radhi kwenye simu. Aende kwa mama mkubwa kwa miguu yake, na mtu mzima aende naye. Akifika anyamaze, mtu mzima ndiye aseme.

MwekaHazina_Umoja

Mzee asante, hiyo ya kuazima sikuwa nimeiwaza. Kijana nimeshampigia, anasema alikuwa akimtetea mjomba, hakukusudia kumgusa mama mkubwa. Amekubali kwenda Jumamosi na mama yangu.

Na mjomba nimwambie nini? Bado anasema waache.

Kimya_Eastlands

Usibishane naye kama alijitakia au la. Muulize mlango wa chumba una upana gani na soketi iko wapi. Mimi nikiulizwa kitu cha kazi huwa najibu.

NiliachaNikanona

Na mwambie kuacha hata sasa kuna faida. Kuna uchunguzi wa Uingereza uliowafuatilia madaktari, wavutaji na wasiovuta, kwa miaka 50, ulionyesha hata anayeacha akiwa na miaka 60 hupata kama miaka 3 ya ziada, na wa 50 kama 6. Kwa aliyeharibika mapafu tayari siwezi kumwahidi namba, nesi atasema.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Namba simpi, ila akiacha, kuharibika kunapungua kasi. Hilo tunaliona.

Sasa ya mashine, andika kwenye pendekezo lako. Muulizeni daktari lita ngapi kwa dakika na saa ngapi kwa siku, wengi huandikiwa angalau saa 15. Mjomba asijiongezee mwenyewe akihisi kubanwa, kwa wagonjwa wa aina yake oksijeni ikizidi nayo ni hatari. Mashine ya lita 5 hula kama wati 300 hadi 400, kwa hiyo saa 15 ni karibu uniti 5 za tokeni kila siku. Watoto wake wajue hilo kabla ya kusema ndiyo. Mkinunua iliyotumika, fundi wa vifaa vya hospitali aipime kwanza kama bado inatoa oksijeni inavyotakiwa, kuna zinazonguruma tu. Tafuteni na mtungi mmoja wa akiba kwa siku stima ikipotea. Na jiko litoke kwenye hicho chumba. Anaishi chumba kimoja?

MwekaHazina_Umoja

Chumba kimoja, ghorofa ya tatu, jiko la gesi liko nyuma ya pazia.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Basi hilo liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla ya pesa. Nani kati yenu ana chumba cha chini?