Mwaka wa Kiebrania kabla ya uzamili: ABH (idara ya wageni ya Ujerumani) inakataa kuuhesabu kuwa masomo

Mwanafunzi, Hessen

Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu salamu. Jana nimetoka ABH nikiwa na Fiktionsbescheinigung, yaani hati ya muda, ya miezi mitatu badala ya kibali kamili. Nilikuja kwa 16b, kifungu cha sheria ya ukaazi kwa wanafunzi, kusoma uzamili wa falsafa ya Kiyahudi, na chuo kilinipokea kwa sharti kwamba nipate Hebraicum, cheti cha kujua Kiebrania, ndani ya mihula miwili, kwa kuwa ninakusudia kuandika juu ya mwanafalsafa Myahudi Franz Rosenzweig, ambaye alianza kuitafsiri Biblia ya Kiebrania kwa Kijerumani pamoja na Martin Buber mwaka 1925. Afisa ameshikilia kwamba mwaka wa kujifunza lugha si masomo bali ni kozi ya lugha, na kwa hiyo niombe 16f, kifungu cha kozi za lugha. Fedha si tatizo, kwani Sperrkonto, akaunti ya dhamana ya matumizi, ina euro 11,904 kamili. Naomba kujua jambo moja tu: je, yupo aliyepata barua ya chuo ambayo ABH iliikubali, na iliandikwa kwa maneno gani?

Mzee wa Köln

Marahaba, mwanangu. Mimi nilipokuja kusoma teolojia mwaka 1994, afisa aliniuliza nitakula nini nikirudi kwetu na shahada hiyo, nikamjibu kwamba nitakula ugali kama kila mtu, naye akanipigia muhuri. Siku hizi hakuna afisa wa kutaniana naye. Miadi yenyewe unaiomba kwenye mtandao na kuisubiri kama mvua. Kaza moyo, wala usiende peke yako.

Dada wa Leipzig

Kwa heshima zote, Mzee, mwaka 1994 hausaidii hapa, kwa sababu sheria imebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Aidha, Hebraicum si kozi, ni mtihani. Mkiendelea kuuita kozi mtakuwa mnampa afisa hoja yake bure. 16b inajumuisha pia maandalizi ya masomo, ikiwemo lugha. Na kabla hajatokea mtu wa kumshauri ahamie Heidelberg, ajue kwamba jimbo lake, Baden-Württemberg, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Ndugu wa Mombasa, sasa Berlin

Dada, hakuna aliyetaja Heidelberg. Mimi ningeuliza kwa nini wamemdai Kiebrania pekee, maana akikutana na Musa bin Maimun (Maimonides), mwanafalsafa Myahudi wa zamani, atakuta kwamba kitabu chake *Dalalat al-Hairin* kiliandikwa kwa Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania. Katika semina yangu wenzangu walishika tafsiri, nami niliyefundishwa chuo cha Kurani, Mji wa Kale nikawa natamka herufi moja moja hadi nikasikia Kiarabu kinatoka, na palipokosekana herufi ya sauti fulani, kama vile *kha* au *dhadi*, mwandishi alikuwa ameweka nukta juu ya herufi iliyopo. Nikamkumbuka nyanya yangu, aliyeandika barua zake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, akiiongezea *ba* nukta ili isomeke *pa*. Siku hiyo nilitamani kumpigia simu, lakini alikwisha kututoka. Profesa alidhani nimezidiwa na somo.

Mzee wa Köln

Dada wa Leipzig, nimekusikia, ila mambo ya vibali ni ya zamani kuliko mimi. Mwanafalsafa Myahudi Moses Mendelssohn aliingia Berlin mwaka 1743 akiwa kijana wa miaka kumi na minne, na mwaka 1763, ule ule alioshinda tuzo ya Akademia mbele ya Kant, ndipo alipopewa haki ya kuishi mjini, tena baada ya Marquis d'Argens, rafiki wa mfalme wa Prussia, kumwombea kwa mfalme huyo. Haki yenyewe ilikuwa yake binafsi, haikurithiwa na wanawe. Barua ya mtu mzito ilifanya kazi hata wakati huo.

Dada wa Leipzig

Mendelssohn hakuomba 16b, Mzee.

Mama Wawili, Bremen

Binti yangu, jiandae pia kwa simu za nyumbani. Nilipochukua somo hilo kama la pili, wajomba walikaa kikao Morogoro kuamua kama nimebadili dini au nimejiunga na upande fulani wa vita, na ilinichukua likizo nzima kuwaeleza kwamba kumsoma mwanafalsafa si kuipigia kura serikali yoyote.

Mwanafunzi, Hessen

Nawashukuru nyote kwa dhati, na kwa habari ya Mendelssohn hasa. Miadi yangu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kuhusu ile barua, je?

Ndugu wa Mombasa, sasa Berlin

Ninayo moja nzuri sana, ABH hawakuuliza hata neno. Nadhani niliiacha kwenye sanduku la vitabu, na sanduku lipo kwa dada yangu Kisauni. Nitamwomba alitafute baada ya Ijumaa.