Kurudi Rhodes mara ya pili: mama nimpeleke wapi?

Mtoto_wa_Kamalondo
Jambo yenu. 2014 nilikaa Rhodes, kile kisiwa cha Ugiriki, saa tano tu, meli inatungoja. Nikapanda njia ya Ippoton, nikaingia jumba la mkubwa wa wale wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, nikapiga picha, kwisha. Mwezi wa kumi narudi na mama. Magoti yake yamechoka. Tuanze na jumba tena, ao wapi?

Yaya_wa_Kenya
Mdogo wangu, jumba mwonyeshe, lakini ujue unachotazama. Lile la zamani lilivunjwa na baruti iliyolipuka 1856. Waitalia ndio walijenga upya, 1937 hadi 1940, na zile mosaiki za sakafuni walizitoa kisiwa cha Kos. Safari ya kwanza nilishika ukuta kwa heshima yote. Ya pili nikacheka peke yangu: kumbe ni rika la mama yangu!

Mimi nilirudi kwa sababu ya sinagogi, Kahal Shalom, ya 1577, ndani ya mji wa kale, si mbali na chemchemi ya farasi wa bahari. Patroni wangu wa kwanza hapa Lubumbashi, tukiuza vitenge, wazazi wake walitoka mtaa ule wa Wayahudi. Alikuwa anaimba Kihispania chao cha zamani, mimi nikidhani ni Kireno cha Angola. Wayahudi waliobaki kisiwani walikamatwa Julai 1944, zaidi ya watu 1,600, wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Majina ya familia yamechongwa kwenye jiwe pale. Nilisoma polepole, nikakuta mengine nimeyajua tangu utoto, kwenye vibao vya maduka ya mjini kwetu. Nilikaa chini.

Papa_Likasi
Yaya amesema, lakini magoti je? Njia zile ni za kokoto zilizosimamishwa, hata kijana anachechemea. Viatu vya soli nene. Ippoton inapanda kutoka upande wa bandari, kwa hiyo ingieni kwa mlango wa d'Amboise, kule juu karibu na jumba, mshuke nayo.

Asubuhi nendeni bandari ya Mandraki, kwenye kulungu wawili wa shaba. Mtaambiwa Kolosi, ile sanamu kubwa ya zamani, ilisimama pale imetanua miguu, meli zikipita katikati. Mita 30 na zaidi za shaba, miguu namna ile? Sisi watu wa Katanga tusidanganywe uzito wa shaba. Tetemeko liliiangusha mwaka 226 K.K.

Mtoto_wa_Kamalondo
Aksanti sana. Yaya, duka la patroni lilikuwa upande gani wa mjini? Nimemsomea mama, anasema kitenge cha harusi yake alikinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anaimba akipima.