Mliowahi kuishi na Wabudha, mliona nini kinachofanana na Ukristo? Tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, leo nimepita Upanga, pale kwenye hekalu la Wabudha, nikakumbuka mhubiri mmoja aliyesema wale hawana cha kutufundisha. Mimi najua kanuni zao tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kuacha ulevi. Nne za kwanza ziko kwenye Amri Kumi. Mliokaa nao, njooni.

Mpiga Kasia: Nilikuwa Colombo, Sri Lanka, wakati wa Vesak, sikukuu yao kubwa. Barabarani watu wasiokujua wanakupikia na kukugawia chakula bure, foleni ndefu, hakuna anayeulizwa dini. Na siku ya mwezi mpevu pombe haiuzwi. Nilikumbuka Kwaresima ya kijijini kwetu.

Binti wa Ziwa: Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikuwa Muscat, kazi za ndani, chumba kimoja na dada wa Sri Lanka. Juu ya sanduku lake aliweka picha ya Budha. Kila asubuhi kabla ya kushika ufagio anasali zake, mimi upande wa pili na rozari yangu. Siku niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki, bosi alikataa niondoke, mkataba haujaisha na pasi anayo yeye. Nililia mpaka sauti ikakauka. Yule dada hakuniambia nyamaza. Usiku, vyombo vilipokwisha, akaja na birika, na kikombe ndani ya sahani. Akanishika mkono tumimine maji pamoja, polepole. Kikombe kikajaa, maji yakafurika kwenye sahani, bado tunamimina, yeye akisema maneno ya kwao, mimi nasema "Raha ya milele umpe ee Bwana". Kwao msibani hufanya hivyo mbele ya watawa, ili mema ya walio hai yamfikie marehemu. Kisha akanisimulia habari za Kisa Gotami, mama aliyezunguka na maiti ya mwanawe akitafuta dawa. Budha akamtuma alete haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akabisha hodi mji mzima asiipate, ndipo akakubali kumwacha mtoto. Kaburi la mama nililiona mkataba ulipokwisha. Padre akiniambia yule dada alikuwa mpagani tu, siwezi kuitikia.

mwanakwetu: Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Askari wa Injili: Pole kwa msiba. Ila tusichanganye, hayo ni maombi kwa wafu, Biblia haiyatambui. Soma Waebrania 9:27.

Mwana wa Parokia: Biblia ipi? Wamakabayo wa Pili, sura ya 12, Yuda Makabayo anatoa sadaka kwa ajili ya waliokufa. Mlivipunguza vitabu wenyewe.

Askari wa Injili: Ninyi ndio mliongeza.

Mtoa mada: Jamani, mtu anaeleza alivyofiwa! Hilo fungulieni uzi wenu.

Nesi wa Zamu: Mimi ni muuguzi. Kuna habari yao moja naipenda: mtawa alikuwa anaharisha, amelala kwenye uchafu wake, wenzake wamemwacha. Budha na Ananda, mwanafunzi wake, wakaleta maji, wakamwosha kwa mikono yao, wakamlaza kitandani. Akawaambia watawa, anayetaka kunihudumia mimi amhudumie mgonjwa. Fungua Mathayo 25 uone.

Mwalimu Mstaafu: Ongezeni Warumi 12:21, "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema." Dhammapada, kitabu cha mafundisho ya Budha, aya ya 223, inafundisha hivyo hivyo: hasira ishindwe kwa upole, ubaya kwa wema, ubahili kwa kutoa, uongo kwa ukweli. Lakini tusidanganyane, vijana. Wao hawana Mungu Muumba, na Budha hafi kwa ajili ya dhambi za mtu. Sisi tunasubiri ufufuo, wao wanataka kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa tena. Mwenendo unafanana sana, wokovu haufanani. Mbudha makini atakwambia hivyo mwenyewe.

Kijana wa Eldoret: Upole gani? Myanmar, nchi yenye Wabudha wengi, 2017, Waislamu wa Rohingya zaidi ya laki saba walikimbilia Bangladesh, na kuna watawa waliochochea chuki.

Jirani wa Kagera: Na Rwanda, 1994? Ntarama na Nyamata watu waliuawa ndani ya kanisa, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Tukianza kuhesabu hivyo, sisi hatuna pa kusimama.

Kijana wa Eldoret: Hapo umenishika, mkuu.

Neema tele: Samahani, nina swali. Nimechumbiwa na Mbudha wa Sri Lanka, mimi Mkatoliki. Nifanyeje?

Askari wa Injili: Kimbia. Wakorintho wa Pili 6:14.

mwanakwetu: Olewa, mtu asiyelewa utampata wapi siku hizi?

Mwana wa Parokia: Nenda kwa paroko mapema. Tofauti ya dini ni kizuizi cha ndoa, ruhusa inatoka kwa askofu, na utaahidi kufanya uwezalo watoto wabatizwe. Mchumba aambiwe hilo leo, kabla wazazi hawajaanza vikao.