Mtafsiri muvi kaliua dumu la maji, nimechoka na hii tabia

Wadau nina hasira tangu juzi acha niziteme hapa. Nimeenda kuingiza muvi kwenye flashi hapa Ngamiani, Tanga, nikaomba No Country for Old Men iliyotafsiriwa, ile ya ndugu wawili Coen ya 2007 iliyobeba Oscar nne, nikitaka shemeji yangu aione maana mimi ya Kiingereza nimeshairudia sana. Tumekaa vizuri, tumefika pale Moss, stelingi mwenyewe, anaamka usiku anajaza dumu maji, jamaa kwenye maiki anapayuka eti "stelingi anarudi kubeba unga uliobaki!" Yaani madawa ya kulevya. Unga gani wewe?? Mtu anayekwenda kuiba unga anajaza dumu maji ya nini?

Kwa ambao hamjaiona, ni Texas 1980, Moss ni mchomeleaji aliyepigana Vietnam, yuko porini anawinda akakuta pikapu zimetobolewa risasi, maiti zimelala, na Mmeksiko mmoja bado anahema ndani ya gari anamuomba maji. Akamjibu hana, akafuata njia mpaka akapata begi la dola milioni 2, akaenda zake nyumbani. Usiku usingizi ukakata. Mkewe anamuuliza unaenda wapi, anamwambia anaenda kufanya ujinga mkubwa ila ataenda tu. Yaani mwenyewe anajua!

Na sisemi Moss malaika, hapo ndo utamu wenyewe ulipo na ndo huyu mtafsiri alipotuibia. Angekuwa na huruma iliyonyooka angerudi mchana uleule au angepiga simu watu wakamchukue majeruhi, hakupiga, kwa sababu akipiga pesa inaondoka. Alitaka vyote viwili, begi libaki na roho itulie. Kafika, mwenye kiu kashamaliziwa kwa risasi, maji hayana wa kuyanywa, na wenye mzigo wakamkuta palepale, gari lake likabaki mikononi mwao. Msije mkaniambia begi lilikuwa na kifaa cha kumtafutia, najua, lakini gari aliliacha kule kwa ajili ya yale maji.

Inaniuma kwa sababu nayajua haya. 2019 naendesha boda, nina abiria nyuma nawahi Muheza, pale Pongwe nikampita mzee kalala kando ya lami, kanyoosha mkono, nikajisemea huyu kalewa. Saa tano usiku nimelala chali naangalia bati, nikaamka nikawasha pikipiki nikaenda na chupa ya maji na mkate. Sikumkuta. Kulikuwa na kandambili moja tu, mkanda umefungwa kwa waya wa bluu. Nimeuliza watu wa pale hakuna anayejua. Mpaka leo sijui nilirudi kwa ajili yake au nilirudi ili mimi nipate usingizi, na ile muvi ndo kitu pekee nilichoona kinalisema hilo jambo lilivyo, halafu mtu mwenye maiki analigeuza wizi wa unga kwa vile kanyamaza sekunde tano akaona watazamaji watachoka!

Nyie mnaotafsiri, kama hujaielewa sehemu nyamaza, tuachie picha tuangalie wenyewe. Na mwenye kopi ambayo hicho kipande hakijachezewa aniambie naipata duka gani hapa Tanga, nitaifuata leoleo, maana shemeji kashalala anajua Moss alifuata unga.