Faida ya mradi wa vijana ni ya nani: wanaouendesha au kikundi kizima?

Mshika Daftari
Wadau, naomba mawazo. Kikundi chetu cha jamii kina mradi wa vijana. Wanafufua baiskeli mbovu, nyingine wanauza, nyingine wanakodisha, na anayetaka kujifunza ufundi hatozwi kitu. Wako wanane. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, fedha imebaki baada ya kulipia vipuri na umeme. Vijana wanataka fungu lao. Wazee wanasema mradi ni wa jamii, yote iingie mfuko wa kikundi. Mnaonaje?

Fundi Mkongwe
Kazi ya jamii ni kujitolea. Ukumbi wanaofanyia kazi tuliujenga sisi kwa mikono yetu, wala hakuna aliyedai posho. Hata Muhammad Yunus wa Grameen, ile benki ya Bangladesh inayokopesha maskini, aliyepata Nobel ya Amani 2006, alisema biashara ya kijamii haigawi faida: aliyeweka mtaji anarudishiwa mtaji wake, basi. Halafu huyo kiongozi wao nasikia ana miaka 33. Kijana gani huyo?

Hesabu Kwanza
Mzee wangu, Yunus umemkatia njiani. Kanuni zake hizohizo zinasema mfanyakazi alipwe ujira wa soko, na mazingira ya kazi yawe bora kuliko ya kawaida. Gawio ni la mwenye mtaji, ujira ni wa mwenye jasho. Hao wanane wamewahi kulipwa? Kama bado, kilichobaki msikiite faida. Ni ujira wa watu uliolala kwenye akaunti.

Gurudumu
Mwenye miaka 33 ndiye mimi. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo nipo ndani. Nilipokuwa nasukuma toroli la vyuma mvua ikinyesha hakuna aliyeniuliza umri.

Fundi Mkongwe
Na Umoja wa Mataifa katika takwimu zake unahesabu 15 hadi 24. Tufuate upi? Ule unaomfaa mtu?

Mama Wawili
Mnanipandisha hasira nyote wawili. Binti yangu ana miaka 17, yuko kwenye mradi kama huo kwingine. Kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 bado ni mtoto. Huko kwao mtu wa thelathini na kitu ndiye anayeshika kipaza sauti, wangu anashika spana. Wageni wakija anavalishwa fulana, anapigwa picha, wakiondoka anafagia. Huyo naye mwendesha mradi?

Ngazi
Mama, hilo limeandikwa. Mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, ina vidato vinane. Vitatu vya chini, yaani kuwachezesha, kuwafanya pambo na kuwaweka kwa jina tu, alisema huo si ushiriki.

Gurudumu
Kwetu hakuna anayefanywa pambo, na wa miaka 17 tunaye, ndiye anayepanga zamu. Pambo ni sisi wote mbele ya kitabu cha hundi. Watia saini watatu, hakuna hata mmoja anayefanya kazi kwenye mradi. Mwezi uliopita tulisubiri siku tisa kununua minyororo kwa sababu mmoja wao alisafiri. Wateja wakachukua baiskeli zao wakaondoka.

Fundi Mkongwe
Hilo la siku tisa sikulijua. Ila saini hazikuwekwa hivyo bure. Kikundi changu cha kwanza, mweka hazina kijana alitoweka na mfuko wote. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza akina mama akiba yao haipo. Nyuso zile ninaziona mpaka leo.

Gurudumu
Pole sana, mzee. Nasema kwa dhati. Lakini daftari la kikundi hicho nani mwingine alikuwa analiona?

Fundi Mkongwe
Hakuna.

Hesabu Kwanza
Wale wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, walianza 1844 wakiwa 28. Kila mwanachama kura moja, na hesabu zinawekwa mbele ya wanachama mara kwa mara. Faida waligawana kulingana na ununuzi wa kila mmoja. Na bado sijajibiwa habari ya ujira.

Mshika Daftari
Hesabu, nimekusoma, nitaliandika kwenye ajenda. Ila kwa yaliyosemwa hapa, Jumamosi naanza na hili: mtia saini mmoja atoke kwa vijana wa mradi.

Fundi Mkongwe
Daftari likisomwa mbele ya wote kila mwezi, naunga mkono. Awe na miaka mingapi?